Kamati ya Kumfunua Shemeji wa Taifa

Wizara ya Ukweli wa Mitandaoni ilipenda kuwatangazia wananchi wote kwamba, kuanzia Jumatatu ile, hakuna mtu ambaye angeruhusiwa tena kuwa mtu mwingine.

Tangazo lilisomwa na Waziri mwenyewe mbele ya kamera. Kila ukurasa wa mtandaoni, alisema, utakuwa na mwenyewe mmoja, sura moja na mdomo mmoja. Wanaojificha nyuma ya picha za paka na maua ili wawatukane viongozi wajue kwamba siku za mwizi ni arobaini. Atakayebainika atamwomba radhi aliyemkosea, ana kwa ana, hadharani, na asiposamehewa atakaa mwaka mzima bila mtandao wa aina yoyote. Na kiongozi ambaye ukurasa wake utabainika kuandikwa na mtu mwingine atavuliwa cheo siku hiyohiyo. Kisha, ili watu wasije wakasema mganga hajigangi, Waziri aliinua mkono akaapa kwamba kila neno kwenye ukurasa wake ameliandika yeye, kwa dole gumba lake la kulia.

Nyuma ya pazia alisimama mtu aliyeiandika hotuba ile, kiapo kile, sheria ile, na, tukisema ukweli kama Wizara inavyotaka, kila neno la ukurasa ule pia. Huyo alikuwa Mratibu wa Kitengo cha Sauti za Wananchi. Alipiga makofi kuliko wote. Kifungu cha kuvuliwa cheo kilikuwa chake kabisa. Aliambiwa sheria haina meno, naye akaiwekea hadi magego.

Kitengo chake kilikuwa ghorofa ya tatu, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya majalada. Kila mfanyakazi alikuwa na meza, sehemu yake ya upepo wa feni, na simu kadhaa zilizosimamishwa kwenye kichanja cha mbao kama sahani zinazokaushwa. Ndani ya simu hizo waliishi wananchi wa akiba. Hilo ndilo jina lao rasmi. Kuwaita watu feki lilikuwa kosa la kinidhamu. Kulikuwa na wakulima wa akiba, walimu wastaafu wa akiba, akina mama wa akiba wenye watoto wa akiba, na wote hao Mungu alikuwa amewajalia kitu kimoja, nacho ni kuridhika. Mratibu alitunga sentensi zao asubuhi, wafanyakazi wakazigawa.

Wapo waliouliza kama sheria mpya haiwagusi wananchi hawa. Mratibu aliwajibu kwa waraka. Mtu asiyejulikana, alieleza, ni yule ambaye Wizara haimjui. Wananchi wa akiba Wizara inawajua kwa majina, kwa kuwa ndiyo iliyowapa hayo majina. Kwa hiyo ndio wananchi wanaojulikana kuliko wote nchini. Waraka ule ulisifiwa sana, hasa na wananchi wa akiba.

Ilikuwa kazi yenye utaratibu. Furaha ya taifa ilianza saa tatu asubuhi wafanyakazi wanaporipoti, ikapungua saa saba kwa ajili ya chakula, ikapanda tena, na ilipofika saa kumi na nusu taifa zima lilinyamaza ghafla likakimbilia basi. Safari moja kitengo kizima kilipelekwa semina ya kuongeza uhalisia, na muda wote wa semina hiyo hakuna raia aliyefurahia chochote. Waziri aliitisha kikao cha dharura kuuliza wananchi wamekasirikia nini.

Ng'ambo ya korido kulikuwa na Kitengo cha Upembuzi, kilichofuta maneno yasiyofaa. Mkuu wake alikuwa mama mmoja mkavu aliyeitwa Bi Fagio. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mwaminifu, jambo ambalo ofisini lina usumbufu zaidi. Vitengo hivi viwili havikupikika chungu kimoja, kwani watu wa Mratibu wakiandika "Mheshimiwa ametutoa mbali", watu wa Bi Fagio walifuta na kuweka sababu: kejeli. Mratibu alivuka korido kulalamika. Bi Fagio alimjibu kwa upole kwamba ameiona barabara inayosifiwa, amepita juu yake, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuisifu hivyo bila kutania. Wakakubaliana sifa zote zipunguziwe sukari.

Lakini donda ndugu la Wizara lilikuwa Shemeji wa Taifa.

Ukurasa huo haukuwa na sura. Picha yake ilikuwa kiti kitupu cha plastiki. Mwenyewe alimwita Waziri "shemeji", na kwa kuwa shemeji ana ruhusa ya kutania, alitania mpaka mfupa. Waziri alipozindua choo kipya cha stendi, Shemeji aliandika: "Jamani, hongera shemeji kwa choo. Tumekuja kukitumia tukaambiwa ufunguo umeondoka nao mfukoni. Tusidanganyane, wengine hapa hatufiki kesho." Watu walicheka nchi nzima. Walicheka watu wenye miili, wenye kodi za nyumba na meno mabovu, na hakuna aliyewapangia zamu.

Shemeji wa Taifa alikuwa Mratibu.

Msomaji asimvishe ushujaa. Huyu alikuwa mtu ambaye mlinzi wa geti akikunja uso tu, anajipapasa kutafuta kitambulisho hata siku ya mapumziko. Ilianza mchana mmoja katika choo cha ghorofa ya tatu. Alikuwa ameandika sifa tangu asubuhi mpaka moyo ukamkinai, akaandika mstari mmoja wa kujitapisha, basi. Kufika jioni mstari umezunguka mji. Kesho yake akarudi chooni. Tangu hapo asubuhi aliandika kama Waziri, mtu wa watu, mwingi wa methali. Baada ya hapo aliandika kama wananchi wakimshangilia Waziri. Na alipokwenda haja, kazini au nyumbani, aliandika kama Shemeji. Wenzake waliamini ana tumbo, wakawa wanamshauri apunguze maharage.

Kilichomnasa kabisa ni mkewe. Mke wake alikuwa fundi cherehani, kibanda chake kikitazamana na stendi, na kila Shemeji alipoandika alisimamisha cherehani akawasomea wateja kwa sauti. Jioni alimsomea na mumewe. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha alipomaliza kucheka akamtazama mumewe kwa jicho la kuulizia bei.

"Huyu ndiye mwanamume, baba watoto," alimwambia. "Anasema. Wewe mwenye nyumba kapandisha kodi, ukamshika mkono ukamwambia asante."

Mratibu alitamani kumwambia. Kwa miaka mingi hakuwa amemchekesha mwanamke yule, na sasa alimchekesha kila siku na sifa zikaenda kwa kiti cha plastiki. Lakini alimjua. Mkewe alikuwa na moyo wa dhahabu na mdomo usio na mlango. Akijua asubuhi, stendi nzima ingejua kabla ya adhuhuri, na jioni Mratibu angekuwa hana kazi, watoto hawana shule, na mwenye nyumba anashikwa mkono tena. Basi alimeza, akasema supu ina chumvi kidogo.

Ikawa Waziri anatafuta mtu wa kuongoza Kamati ya Kumfunua Shemeji wa Taifa. Akaangalia ni nani anayemchukia Shemeji kuliko wote. Hakuna waliomtukana Shemeji kwa bidii kama wananchi wa akiba, na wananchi wa akiba walikuwa chini ya Mratibu. Aliteuliwa palepale. Alishukuru kwa kuaminiwa, akaahidi kutompa mhalifu huyo nafasi ya kupumua, kisha akaomba ruhusa aende chooni.

Kamati ilifanya kazi kwa uangalifu mkubwa. Mwenyekiti alipendekeza waanze na nchi jirani. Nchi jirani zilipokwisha, alipendekeza ukaguzi wa viti vyote vya plastiki vinavyofanana na kile cha pichani, na maafisa walitumwa kuvikagua kwenye shule, zahanati na vibanda vya vinyozi. Vilikutwa vingi sana. Vilikalishiwa watu wa kuvilinda hadi uchunguzi ukamilike.

Bi Fagio, ambaye alikuwa katibu, aliyaandika haya yote kwenye muhtasari bila kucheka, kisha akaleta wazo lake. Mtu huficha sura, alisema, ila ulimi haufichiki. Wizara ilishanunua programu ya kompyuta inayosoma maandishi ya watu na kusema nani anaandika kama nani: maneno anayoyapenda, mahali anapovuta pumzi, methali anazozirudia. Ilikuwa imelala kabatini kwa sababu aliyejua neno lake la siri alistaafu. Bi Fagio alikuwa amemtembelea mstaafu huyo. Kilichobaki ni kuilisha programu maandishi ya Shemeji, ya zamani na yatakayokuja, na kuyalinganisha na ya kila mtu aliyesajili ukurasa.

Mratibu alilipongeza wazo lile. Halafu akafanya ambalo mtu yeyote mwenye busara angelifanya, akambadilisha Shemeji ulimi. Kesho yake Shemeji wa Taifa aliandika: "Kwa heshima na taadhima, napenda kutoa maoni yangu kuhusu huduma ya maji katika maeneo mbalimbali." Siku iliyofuata aliandika kwamba changamoto zipo, ila tuwe na subira.

Nyumbani mkewe hakucheka. Alisoma mara mbili, akaiweka simu chini. "Shemeji anaumwa," alisema. Pale kibandani mteja mmoja alidai Shemeji amekamatwa, mwingine akadai amenunuliwa. Mke wa Mratibu aligombana na huyo wa pili, akamrudishia kitambaa chake kimekatwa nusu. Siku zikaenda, Shemeji akazidi kuwa na adabu, na mwanamke akazidi kuwa kimya. Jioni moja alikula matonge mawili akasukuma sahani.

"Nilizoea kwamba kuna mtu mmoja anasema ninachokiwaza," alisema. "Sasa naona nimebaki peke yangu."

Mumewe alikuwa amekaa mbele yake, goti linagusana na goti. Maneno yale yalimchoma kuliko barua yoyote ya onyo aliyowahi kupokea. Alijua programu inakula kila neno, alijua Bi Fagio haachi hata nukta, na alijua kabisa kwamba anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Akanyanyuka, akaingia chooni, akaandika: "Jamani, nilikuwa nimekufa kwa ustaarabu, nimefufuka. Tusidanganyane, shemeji, ule ufunguo wa choo uko wapi?" Akasubiri. Kicheko cha mkewe kilipita ukutani kikamfikia alipokaa, na mtu mzima yule, mwenyekiti wa kamati ya kitaifa, alifuta machozi kwa karatasi ya choo.

Programu ilishiba. Kamati ikaitwa, mlango ukafungwa, na Bi Fagio akasoma matokeo kwa sauti ileile anayotumia kusomea ajenda.

Shemeji wa Taifa, alisema, amepatikana. Anaandika sawasawa na mtu mmoja tu kati ya wote waliosajiliwa, na mtu huyo ameapa hadharani kwamba huandika mwenyewe. Wote wawili huanza na "jamani". Wote wawili husema "tusidanganyane" wanapokaribia kudanganya. Wote wawili wana methali zilezile, na makosa yaleyale katika methali hizo. Mtu huyo ni Mheshimiwa Waziri.

 Bi Fagio akafungua ukurasa wa pili. Programu, kwa kuwa haikuambiwa isimame, ilikuwa imeendelea ikawapima na raia wanaomsifu Waziri kila siku tangu saa tatu asubuhi. Nao ni Waziri. Wakulima ni Waziri, walimu wastaafu ni Waziri, na akina mama wote, pamoja na yule anayenyonyesha mapacha, ni Waziri. Kwa kifupi, Mheshimiwa ndiye anayejitukana, ndiye anayejisifu, na ndiye anayejitetea dhidi ya matusi yake.

"Mwenyekiti ana pingamizi?" aliuliza.

Mratibu alilifikiria pingamizi. Lingemlazimu aeleze ulimi ule ni wa nani. Mtu mwingine angesema kweli hapo, na angekumbukwa. Mratibu alitafuta kalamu.

"Sayansi haina shemeji," alisema, akasaini.

Jioni ile aliitwa kwa Waziri. Ofisi ilikuwa na zulia la kuzamisha kiatu na kiyoyozi cha kutia homa. Waziri alikuwa na ripoti mbele yake, kidole kimeshika mahali pa sahihi.

"Mratibu. Mimi najitukana?"

"Ripoti inaelekea huko, Mheshimiwa."

"Najiita kichwa cha sufuria?"

"Kwa namna ya utani, Mheshimiwa. Utani wa shemeji."

 Waziri hakuwa mjinga, watu hupenda kuwadhani wakubwa ni wajinga, na ndipo wanapoponzeka. Mratibu aliona wazo likitembea usoni mwa yule bwana, likapita machoni, likafika mdomoni.

"Hebu niambie," alisema taratibu. "Ukurasa wangu anaandika nani?"

 Mratibu aliwaona watoto wake, akamwona mwenye nyumba, na mwisho akakiona kile kifungu alichokiwekea magego.

"Unaandika mwenyewe, Mheshimiwa," alisema. "Uliapa."

 Waziri alipiga hesabu. Kama ukurasa haandiki yeye, anavuliwa cheo leoleo, kwa sheria yake. Kama anauandika yeye, basi na Shemeji ni yeye. Alizunguka meza mara kadhaa akitafuta mlango wa tatu, na sheria ilikuwa imeandikwa vizuri mno kuwa na mlango wa tatu. Mratibu, kwa aibu kubwa, aliona fahari kidogo.

"Ulisoma wapi kuandika sheria?" Waziri aliuliza.

"Hapahapa kazini, Mheshimiwa."

Basi Waziri alikwenda mbele ya kamera akatangaza kwamba Shemeji wa Taifa ni yeye, na kwamba alikuwa akijitukana kwa makusudi ili kupima ukomavu wa wananchi, ambao wamefaulu. Alidhani yameisha. Lakini mwanasheria wa Wizara, kijana aliyenyooka kama rula, alikumbusha kwamba sheria haina ubaguzi: mkosaji lazima amwombe radhi aliyemkosea, ana kwa ana, hadharani.

Ukumbi ulijaa. Viti viwili viliwekwa jukwaani vikitazamana. Waziri aliketi cha kushoto akakiangalia cha kulia, akasema kwamba amemkosea sana Mheshimiwa, kwamba kumwita kichwa cha sufuria kulizidi mipaka, na kwamba anaomba radhi kwa dhati. Kisha akahamia cha kulia. Akakaa kimya kidogo, kama mtu aliyeumizwa. Halafu akasema moyo wake hauna kinyongo na amemsamehe mwenzake. Watu wakaanza kupiga makofi.

Mwanasheria akainua mkono. Kuna kifungu kidogo, alisema, kinachowalinda wanyonge wasilazimishwe kusamehe: msamaha ni batili iwapo mkosaji ana mamlaka juu ya aliyekosewa. Mratibu, kwenye safu ya nyuma, alikumbuka siku aliyokiandika kifungu kile. Ilikuwa Ijumaa, alikuwa ametoka kufokewa, na haki ilikuwa imempitia kichwani kama mafua.

"Nalazimika kuuliza, Mheshimiwa," alisema mwanasheria. "Je, una mamlaka juu yako mwenyewe?"

Waziri alivuta pumzi. Akisema hana, nchi nzima imesikia kwamba anayeitawala wizara hajitawali. Alikuwa mtu mwenye majivuno yake, na kamera zilikuwa zinamtazama.

"Bila shaka ninayo," alisema.

"Basi msamaha ni batili."

Kabla ya jua kuchwa kurasa zote za Waziri zilifungwa kwa mwaka mzima: ule wake, ule wa Shemeji, na za wananchi wa akiba wote, kwa kuwa imethibitishwa kisayansi kwamba ni yeye. Bi Fagio alizifunga mwenyewe, moja baada ya nyingine, na wanaomjua wanasema alikuwa akipiga mluzi. Kesho yake saa tatu asubuhi taifa halikufurahi. Wafanyakazi wa Mratibu walikaa mbele ya vichanja vya simu baridi, wakatazamana, na mmoja wao akauliza kama wanaruhusiwa kusema chochote kwa vinywa vyao. Mratibu alisema atauliza juu.

Alirudi nyumbani mapema. Mkewe alikuwa amefunga kibanda, amekaa kizingitini na simu imezimwa mapajani. Macho yalikuwa mekundu. Mratibu aliketi kando yake.

"Kumbe ni Waziri," mkewe alisema.

"Ndivyo ilivyo."

"Nikuambie kitu, na usinicheke." Alikuwa akisokota uzi kidoleni. "Mimi nilidhani ni wewe."

Mratibu alimgeukia. Mkewe hakumtazama.

"Tangu zamani. Kila ulipoingia chooni, Shemeji anaandika. Nikawa nakuchokoza na yale maneno ya mwenye nyumba, nikisema leo atachoka, leo ataniambia. Pale kibandani sikumwambia mtu. Mimi, na mdomo wangu huu. Nilikaa nacho moyoni. Nilikuwa nakuangalia unavyokula, najisemea, wote hawajui wanachokijua hawa wawili, mimi na Mungu." Akapangusa pua. "Nimekuonea bure, baba watoto. Nisamehe."

Mratibu hakujizuia tena. "Ni mimi," alisema. "Wallahi ni mimi. Yote niliandika mimi."

Mkewe aliweka mkono juu ya goti lake akalipigapiga, kwa huruma, kama anavyofanya mtu kwa mgonjwa anayesema atapona.

"Acha," alimwambia. "Ripoti nimeisoma yote, wameibandika hadi stendi. Wewe mwenyewe ndiye uliyesaini kwamba si wewe."